Hela ya ulinzi tunatoa, ya uwanja wa watoto tunabana

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana haya mambo tumeyaongea sana kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu huku Temeke na kila tukiyaongea yanaishia kwenye kurushiana maneno, mara mtu kaleft, mara admini kafunga grupu watu wapoe. Juzi kati hapa mwenzetu mmoja kaandika kwamba wale madogo wanaofanya mazoezi ya singeli, ule muziki wa mbio wa uswahilini, na sarakasi nyuma ya karakana ya seremala wafukuzwe mapema kabla hawajawa Panya Road, yale magenge ya vijana wanaovamia watu. Dole gumba zikamiminika. Mi nasema tukiwafukuza ndo tunawasukuma huko huko, na nasema pia ile hela ya ulinzi shirikishi tunayotoa kila mwezi sehemu yake ingeenda kwenye hako kauwanja wanakofanyia mazoezi. Najua kuna watu wameshanuna hapo, ngoja nieleze.

Tukumbushane kwanza maana watu wa Dar tunasahau haraka. Januari 2015 mji ulitaharuki jioni moja tu, Magomeni, Kigogo, Tandale huko watu wakafunga maduka wakakimbia na viatu mkononi, stori ni Panya Road wanakuja. Polisi wakafanya msako wakakamata vijana kwa mamia, tukapumua. 2022 hao tena, Chanika, Kawe, safari hii wanaingia na mapanga mpaka ndani ya nyumba za watu, watu wakapoteza maisha, ikaja operesheni nyingine, tukapumua tena. Sasa piga hesabu ndogo tu. Kijana aliyekuwa na miaka 16 mwaka 2022, wakati wa ule msako wa 2015 alikuwa na miaka 9. Yaani sisi tunashangilia kaka zake wamewekwa kwenye karandinga, yeye ni mtoto wa darasa la tatu amesimama pale pembeni anaangalia. Hiyo miaka saba katikati nani alimuita akamwambia we dogo njoo hapa kuna kitu cha kufanya? Kwa mitaa ya wenzetu siwezi kujibu, kwetu hapa najua mtoto akitoka shule ana nini cha kuchagua, kuna madubwi ya kamari mawili, yote yapo mita chache kutoka duka la mangi, kuna kijiwe cha bangi kule kwenye reli, na kuna hako kauwanja ka seremala. Basi.

Mi ni fundi cherehani, fremu yangu inatazamana na huo uwanja kwa hiyo sihadithiwi. Wenyewe si kitu cha kupigia picha, ni ardhi ya vumbi ambayo seremala alikuwa anaweka magogo na mabaki, akayasogeza upande mmoja baada ya madogo kumuomba, wakafukia matairi mabovu ya gari nusu nje nusu ndani ardhini kama springi, mtoto anakuja mbio anakanyaga tairi anapinduka hewani. Mwanzoni walikuwa wanaangukia kwenye chini ngumu hivi hivi, mpaka jirani mmoja akatoa godoro lake lililochakaa, na mama wa vitumbua akaleta viroba vya pumba za mchele wakavishona kuwa mto mkubwa. Mimi nilishona. Hakuna NGO hapo, hakuna bango la mfadhili, ni mambo ya majirani kupeana vitu ambavyo vingetupwa. Upande wa pili wapo wanaocheza singeli, wapo wawili watatu wanachora, hao ukiwapa kopo la rangi wanakuandikia bajaji yako maneno mpaka abiria anapiga picha.

Kuna babu mmoja anakaa pale kwenye benchi kila jioni, enzi zake alipiga mchiriku miaka ya tisini, ile ya kinanda kidogo cha Casio na spika za honi zinazokwaruza masikio. Anawafundisha madogo kupiga dumbaki kwa mkono maana hawa wa siku hizi kila kitu laptop. Ananiambia wakati ule nao waliitwa wahuni hivi hivi, kwa maneno haya haya, wakipita mtaani wazazi wanaingiza watoto ndani. Alafu Jagwa Music, hao hao wa mchiriku kutoka Mwananyamala walioanza 1992, wakaja kuitwa kupiga Ulaya na wazungu wakalipa viingilio. Singeli nayo imetoka wapi kama si kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, vya Manzese, Tandale, Mburahati na huku kwetu, leo madijei wake wanapanda jukwaa Uganda na Ulaya. Temeke hii hii ndo ya akina Juma Nature na TMK Wanaume wa bongo fleva, nani asiyejua? Na kabla ya wote hao Wazaramo walikuwa wanatembeza mdundiko barabarani na watoto wote wa mtaa wanaufuata nyuma. Kwa hiyo anayesema ngoma za jioni ni jambo geni limekuja kuharibu watoto wetu, sijui kakulia mji gani.

Ila tusidanganyane, malalamiko mengine ni ya kweli. Spika ni kero. Tuna jirani nesi anaingia zamu za usiku, analala mchana, kichwa kinamuuma, alishakuja pale analia. Tuna wazee wanaotaka kusali kwa utulivu. Na vigodoro vyenyewe tunavijua, vingine vinaisha kwa watu kuchanwa viwembe na nyimbo za matusi asubuhi peupe watoto wanaenda shule. Sasa sisi tulikaa, sio kikao rasmi, ni watu kama saba na madogo wenyewe tukakubaliana: muziki kuanzia saa 11, ikiadhiniwa magharibi spika inazimwa, saa 2 kamili usiku kila kitu kimya, Ramadhani hakuna spika kabisa ni mazoezi ya viungo tu, nyimbo ya matusi ikisikika spika inakaa kwangu wiki nzima. Na imeshakaa. Nesi naye akaomba siku zake za zamu waanze saa 12, wakakubali, wana karatasi yake ya zamu wameibandika kwenye mlango wa stoo ya seremala. Mtu mzima ukimwambia punguza redio anakuuliza nyumba umejenga wewe, hawa wa miaka 13 na 14 wanafuata ratiba ya nesi.

Suala la mabinti ndo lilinipa mimi kazi kubwa kuliko yote. Wazazi walikuwa hawataki kabisa, na siwalaumu maana ukiweka watoto wa kike wanacheza muziki sehemu yoyote hapa mjini, mafataki wanajaa kama nzi, mtu na pikipiki yake na chipsi kuku kwenye mfuko. Tuliwafukuza wawili watatu, yaani sisi akina mama tulisimama tukawauliza kwa sauti mbele za watu, baba wewe una mtoto hapa? Hakurudi mtu. Mabinti wanamaliza saa 12 na nusu, wanaondoka kwa pamoja, na mama mmoja anayefunga biashara muda huo anatembea nao mpaka njia panda. Sasa hivi wamekuwa wengi kuliko wavulana kwenye sarakasi. Na naomba niseme hili, watoto wanajua mambo ya mtaa kuliko mlinzi yeyote. Wao ndo walitutonya kuna mtu mgeni anawapa madogo pakti za kupeleka kwa mateja kule relini. Wasingekuwa na sehemu ya kukaa na watu wazima wanaowaamini wangemwambia nani?

Wizi haujaisha, nisije nikaonekana naleta siasa. Juzi tu wameiba betri ya bajaji na nguo za watu kwenye kamba. Nachosema ni kwamba ile njia ya kupita karakana, zamani ikifika saa moja hupiti bila kushika simu kwenye sidiria, sasa hivi ni njia ya watu. Kuna taa moja ya seremala, kuna mihogo inakaangwa, kuna babu kwenye benchi, kuna watoto. Kibaka anapenda sehemu yenye watu wanaojuana kwa majina? Hapendi.

Tukija kwenye serikali ya mtaa hapo ndo nashikwa na hasira. Madogo walitaka kufanya onyesho dogo la mchana tu, Jumamosi, wazazi waje waone. Wakaambiwa kibali, sawa kibali ni utaratibu, lakini hela waliyotajiwa ni kama ya mtu anayefanya harusi na bendi, tena ya mkononi, risiti hakuna. Watoto hao. Wakati kampeni za serikali za mitaa 2024 hao hao walibebwa kwenye kirikuu wakapige ngoma wajaze watu, walipewa fulana na soda, hakuna aliyeuliza kibali wala saa 2 usiku wala matusi. Tukishapiga kura ngoma inageuka kelele.

Na polisi jamani. Kijana wa miaka 18 anarudi kwao na spika mgongoni, anasimamishwa, unatoka wapi, unaenda wapi, panda gari. Kosa uzururaji. Kile kifungu kipo kwenye Kanuni ya Adhabu tangu mkoloni, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko hapo hapo kwetu Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii za kukamata watu kwa uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na nchi zizirekebishe. Mi si mwanasheria, nashona magauni, lakini nikimtoa kijana kituoni kwa hela ya kubembeleza halafu kesho nimwambie amini polisi jamii, ataniona mimi mpuuzi. Kama ulinzi ni shirikishi basi mlinzi awajue hawa vijana, aje pale uwanjani akae hata nusu saa, anywe chai ya mama wa vitumbua, awajue kwa sura. Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa mwaka 1990, wakati Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wengi wetu tunawakumbuka kwa fimbo, lakini pia walikuwa wanajua huyu mtoto wa nani. Fimbo mi siitaki, hiyo ya kujua mtoto wa nani naitaka irudi.

Sasa hela. Mtaani kwetu kila kaya inatoa buku mbili kwa mwezi ya walinzi. Tuseme wanaolipa kweli ni kaya 300, hiyo ni laki sita. Toa asilimia kumi tu, elfu sitini. Elfu sitini kwa mwezi kwenye ule uwanja inanunua umeme wa LUKU ambao sasa hivi seremala anaulipa mwenyewe na ameanza kulalamika na ana haki, inaweka taa ya pili upande wa giza, miezi miwili mitatu inanunua turubai la mvua. Walinzi hawatakosa mshahara kwa hilo, wanaokosa mshahara ni kwa sababu nusu ya nyumba hazilipi, na baadhi ya hao wasiolipa ndo walioweka dole gumba kwenye ile meseji.

Najua wengine watasema mbona kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, haina riba, si wakakope. Ilisimamishwa 2023 imerudi 2024, vizuri, lakini ni mkopo, ni wa kikundi kilichosajiliwa chenye katiba na akaunti benki, na huwezi kumkopesha mtoto wa darasa la saba. Wale wakubwa wao wenye miaka 18 na kuendelea wanaweza, na hapo ndo nilitaka wasomi wa mtaa wetu wasaidie, tuna walimu, tuna mhasibu mstaafu, tuna mtu anafanya kazi wizarani kabisa na gari ya serikali inamshusha. Kuandika katiba ya kikundi ni jioni mbili. Kuna na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, kuna kusajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, hizo njia zipo ila dogo hazijui na akienda mwenyewe ofisini na kaptula yake mlinzi wa getini anamgeuza. Kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kiko Mikocheni, ile bustani ya vijana ya Kidongo Chekundu ipo tangu 2015, ni sehemu nzuri mno, ila nauli ya kwenda na kurudi kila siku nani atatoa, na usiku anarudi na nani? Mtoto anahitaji kitu ambacho mama yake akiita kutoka mlangoni anasikia.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni kwa wenzangu wa mtaani na naamini wapo wanaosoma gazeti lako, maana kwenye genge la mihogo linafungia mihogo. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nitasimama niseme haya haya ya asilimia kumi, na hesabu ya hela ya walinzi isomwe mbele za watu, wale wa dole gumba nao waje wasimame waseme kwa mdomo. Na anayetaka kuwaona madogo kabla hajaamua aje tu kuanzia saa 11 jioni, ila Ijumaa asije, Ijumaa seremala anashusha mbao.

Fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam