Barua kwa mwanangu: funga ule mkanda

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mimi ni mzima, na mama yako ni mzima isipokuwa goti linamsumbua kukiwa na baridi. Picha nimeiona. Kaka yako alimtumia mama yako, naye akaniletea simu bila kusema neno, akasimama mlangoni aone uso wangu utakuwaje. Pikipiki ni nzuri, siwezi kukuficha. Nimefurahi kwamba umeinunua kwa jasho lako, nimefurahi hata kwa namna ulivyoikalia: mgongo haukukakamaa, viwiko vimelegea, kama mtu aliyezaliwa juu yake. Kilichoniuma ni kuyapata haya kwa kaka yako. Miezi miwili unaendesha, na kila Jumapili tunaongea kwenye simu unaniuliza habari za paa.

Picha ile nimeikuza. Nimeikuza mpaka ikawa madoadoa. Mkanda wa kofia unaning'inia. Kofia iko kichwani, lakini mkanda umeshuka shingoni kama kamba ya kiatu kisichofungwa. Nikampigia kaka yako usiku uleule. Akasema ameshakukanya, nawe ukamjibu kwamba mkanda si kitu, hata kofia ya baba ilichomoka wakati mkanda umefungwa.

Jibu hilo limeninyima usingizi siku nne.

Funga mkanda, mwanangu. Kwa ninavyoona, kofia yako ina zile pete mbili. Mkanda unapita katika zote mbili, kisha unarudi na kupita katika ile ya ndani peke yake, ndipo unauvuta. Vidole viwili vipite kwa shida kati ya mkanda na koo. Ukimaliza, inamisha kichwa, shika kofia kisogoni, uivute kuja mbele kama anayetaka kukuvua kwa nguvu. Ikivuka paji la uso, hukufunga vizuri au umenunua kubwa. Usiniambie inakubana mashavu. Kofia mpya lazima ibane mashavu.

Na usiniambie ni hapo karibu tu. Hilo la hapo karibu nalijua kuliko mtu yeyote. Mtu mzima akidondoka kutoka alipo, pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kichwa chake kinafika chini kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Hajavuta mafuta hata kidogo. Ardhi haiulizi ulikuwa unakwenda mbali kiasi gani.

Nikiwa na guu kwenye plasta nilisoma habari za yule Mwingereza Lawrence, aliyepigana jangwani Uarabuni. Alivuka vita, kisha Mei 1935 akafa kwa pikipiki karibu na nyumbani kwake, akiwa na miaka 46. Alikuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Kichwani hakuwa na kofia. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, alikuwa mpasuaji wa ubongo, na kifo kile hakikumtoka moyoni. Akaanza kuchunguza wapanda pikipiki wanakufaje, na mwaka 1941 akachapisha aliyoyaona. Jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake wavae kofia. Raia wa kule walisubiri sheria yao hadi 1973. Nilipofika mwisho wa habari ile niliifunika kifudifudi, mama yako asione nilichokuwa nasoma.

Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2008 walikuta kwamba kofia hupunguza vifo vya waendeshaji kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia inasaidia ikiwa bado iko kichwani wakati kichwa kinafika chini. Hiyo ndiyo kazi ya mkanda.

Mengine sina wasiwasi nayo sana. Una akili, na mikono yako ilikuwa ya ufundi tangu utotoni. Breki ya mbele usiiogope. Wanaoanza huogopa kurushwa, wanakanyaga ya nyuma peke yake, na ya nyuma haikusimamishi kwa wakati. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linaloishika barabara. Ibane polepole kama unayekamua nguo, usiinyakue. Kwenye kona tazama mbali, unakotaka kutokea. Ukilikodolea shimo macho utaliingia, hata kama barabara ni pana. Na mnyororo uupake mafuta mvua ikikatika, usingoje upige kelele.

Kuna jambo nadhani umeshaligundua, ndiyo maana ulinificha. Juu ya pikipiki mtu hawezi kuwa kwingine. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ni mita 17 hivi. Ukiwaza deni kwa sekunde mbili, umeshapita mita zaidi ya 30 ukiwa haupo. Basi unaacha kuwaza deni. Unaona mchanga kwenye kona, mafuta yaliyomwagika, mistari myeupe inavyong'aa ikilowa. Unatazama gurudumu la mbele la gari linalotaka kutoka pembeni, maana dereva anaweza kukutazama usoni na bado asikuone, lakini gurudumu halidanganyi. Harufu ya mvua inakufikia kabla ya tone la kwanza. Mwili na akili vinakaa mahali pamoja. Sijawahi kupata hali ile kwingine.

Nikishuka, nikazima, nikaingia ndani, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Mlikuwa mnanisimulia mambo ya shule, mimi naitikia tu. Kaka yako aliwahi kunisimulia kisa kimoja mara mbili kwa makusudi ili aone kama nitagundua. Hili mama yako analijua vizuri na halisemi. Wewe ukishuka, shuka mzima. Usiache sehemu yako barabarani.

Unajua pikipiki ya kwanza ya injini ya petroli ilipandwa na nani? Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliitengeneza mwaka 1885 huko Ujerumani, fremu yake ya mbao, na aliyeipanda Novemba mwaka huo alikuwa Paul, mtoto wa Daimler, kijana wa miaka 16. Inasimuliwa kwamba kiti kilishika moto njiani kwa sababu injini ilikuwa chini yake. Kila nikiikumbuka habari hiyo simwazii kijana. Namwazia baba yake akisubiri.

Paa uliloliulizia: fundi alikuja, akabadilisha pale palipokuwa panavuja jikoni, na sasa panavuja chumbani kwako. Nimekisogeza kitanda chako ukutani, na vile visanduku vya vitabu nimeviweka juu ya meza. Viwili vililowa upande mmoja, nimevianika. Mti wa jirani umeendelea kuuegemea ukuta wetu, tumeongea naye, anasema ataukata, tunamngoja. Mama yako anaomba sufuria yake kubwa. Anasema ulisema wiki mbili. Pia miwani yake imelegea mkono mmoja, na mimi sina bisibisi ndogo kiasi kile. Nadhani wewe unayo.

Nilipokuwa nahamisha vitu chumbani kwako niliikuta ile kofia yangu. Mama yako anawekea vibanio vya nguo. Nilivimwaga, nikaifuta vumbi, nikatoka nayo nje juani. Ukija iangalie. Igeuze pande zote. Tazama pale kisogoni, tazama upande wa kulia, ule ambao kichwa changu kilishonwa. Haina mkwaruzo hata mmoja. Rangi yake ni ileile iliyotoka nayo dukani. Sasa na wewe unaendesha, unajua lami inavyokula chochote kinachoburuzika juu yake. Ulikuwa na miaka kumi na moja nilipokuhadithia habari ile, umeshika kikombe cha maji kando ya kitanda changu, na uliniuliza mara tatu ilichomokaje. Mara ya tatu nilikukaripia. Hukustahili kukaripiwa.

Naomba usiitumie tena habari hiyo kumjibu kaka yako, wala mtu mwingine.

Kofia yako nayo, ikigonga chini kwa nguvu, usiivae tena hata kama nje inaonekana nzima. Lile povu gumu la ndani linabonyea mara moja tu, halirudi. Niambie nitachangia nyingine. Wala usiazime ya mtu usiyejua imepitia nini.

Ukija likizo kwa pikipiki sitakukataza, nimeshaongea na mama yako na ameafiki kwa shingo upande. Toka alfajiri, ufike jua lingali juu. Ukichoka simama, hata mara kumi, hatutakuuliza kwa nini umechelewa. Ile sufuria usiifunge nyuma ya kiti kwa kamba, itakuyumbisha. Iache, tutaifuata siku nyingine.

Mwambie kaka yako akupige picha nyingine, kabla hujawasha, ukiwa umeinua kidevu. Nitaikuza.

Ni mimi,
Baba yako