Barua kwa mwanangu: usivuke na hiyo bendera

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua hii nimeitia begini mwako kati ya zile kanzu mbili nilizozipiga pasi, juu kabisa, uione ukifungua tu. Isome ukiwa njiani kwenda Unguja, baada ya Likoni na kabla ya Lunga Lunga. Jana kila nilipofungua mdomo kuhusu hiyo bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ulinikata: "Mama, ni kitambaa tu." Ungeamini ni kitambaa tu usingekiweka kwenye picha yako ya WhatsApp wala usingechapisha fulana. Fulana moja nimeitoa begini, iko kabatini. Ya pili sikuiona, kwa hiyo nadhani umeivaa ndani ya shati. Babangu, nakusihi, ivue. Na ile picha iondoe kabla hujafika mpakani.

Sikuandikii kwa kuwa nimekasirika. Ijumaa ile ulipokaa barazani na wazee ukawaeleza habari za mwambao, mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na chai iliniungulia jikoni kwa sababu nilisimama kukusikiliza. Ulisema sawasawa: mkataba wa 14 Desemba 1895, Mwingereza kumlipa Sultani wa Unguja pauni 11,000 kwa mwaka, maili kumi za pwani zibaki mali ya Sultani huku Mwingereza akizitawala. Ukasema ndiyo maana bendera nyekundu ilipepea Ngomeni, pale Fort Jesus, miaka yote ile ya ukoloni, na kwamba Nairobi ilikuwa koloni na sisi tulikuwa himaya. Wazee walinyamaza. Nilijisikia fahari. Nimefundisha historia miaka thelathini na moja na sikuwahi kuwaeleza watoto wa watu jambo hilo kwa uwazi uliokuwa nao wewe. Nilikuwa napita haraka hapo, nikaingia Mau Mau, kengele ikalia.

Lakini uliishia palipo patamu. Hiyo ndiyo lawama yangu.

Hukuwaambia kwamba ndani ya Ngome hiyo hiyo, chini ya bendera hiyo hiyo, Mwingereza aliweka jela kuanzia 1895 hadi 1958. Sultani alikuwa na nguo juu ya mlingoti. Funguo za milango hazikuwa zake. Hukuwaambia kwamba hao watu wa ukoo wa Mazrui unaowataja kila mara hawakuwa watu wa bendera ile hata kidogo. Walitawala Mvita, Mombasa hii yetu, wakimkatalia Seyyid Said, mtawala wa Oman aliyezaa masultani wa Unguja, na walipozidiwa wakapandisha bendera ya Mwingereza kujikinga naye. Kapteni Owen, Mwingereza wa manowari, alipofika 1824 akawakubalia, himaya ikadumu miaka miwili tu. Seyyid Said hakuushika mji sawasawa mpaka 1837. Na Mbaruk bin Rashid, Mazrui huyo huyo, alipigana 1895 na 1896 mpaka akakimbilia kwa Wajerumani, na waliompiga walikuja kwa jina la Sultani na kwa bunduki za Mwingereza. Sasa leo mjukuu wa Mvita anaivaa nyekundu kifuani kama alama ya kwetu. Ya kwetu tangu lini? Katika miaka ipi? Jibu hilo kwanza ndipo uchapishe fulana.

Najua utasema 1961. Najua watu walivyojaa mikutanoni wakidai mwambao ubaki wenyewe usiunganishwe na Kenya, na najua Robertson aliyetumwa kuchunguza aliandika kwamba tuunganishwe. Kwa wale waliokuwa uwanjani bendera ile ilikuwa makadhi, ilikuwa dini, ilikuwa hofu ya kumezwa na watu wa bara. Hofu hiyo siidharau, na mambo ya ardhi yaliyofuata yameonyesha kuwa haikuwa ya bure. Lakini uwanja wa pili hukuutaja. Ronald Ngala, mwanasiasa, Mgiriama, mtu wa pwani kama sisi, hakuitaka nyekundu ile. Kwa nini aitake? Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, watu wake wengi walijikuta maskwota kwenye mashamba waliyozaliwa, na hati wanazo wenye majina kama yetu. Ukipita Kisauni na fulana hiyo, mzee wa Kigiriama anaona jina la mwenye shamba. Wewe unadhani anaona pwani huru.

Kuna jambo jingine, nalo nilitakiwa nikusimulie ukiwa na miaka kumi na miwili.

Unajua mnara wa kengele pale Kengeleni, Nyali. Unajua Frere Town ilijengwa na wamisheni kuanzia 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Umelisoma. Ila hujui kwamba bibi yangu, mamake mama, alizaliwa pale. Wazazi wake walishushwa pale wakiwa watoto, hawajui hata jina la kijiji chao. Aliolewa, akasilimu, akahamia Kibokoni, na tangu siku hiyo jina la Frere Town nyumbani halikutajwa tena. Babu yako hakupenda litajwe. Ndiye huyo huyo babu yako wa mikutano ya mwambao, aliyekuwa akisimulia bendera mpaka machozi. Bibi alikuwa akitoka ukumbini akaenda kukuna nazi. Mara moja tu, nikiwa msichana, nilimuuliza kwa nini hakai kusikiliza, akanijibu, "Mimi hiyo naijua kutoka upande wa chini wa jahazi." Akaendelea kukuna. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja 1897, kwetu pwani 1907. Hayo si mambo ya Firauni. Nimemshika mkono aliyezaliwa na watu hao.

Uliponiuliza zamani kuhusu ukoo wa bibi nilikwambia Lamu. Sina la kuongeza hapo.

Na ule mto wako mwekundu, usioupenda ufuliwe na wengine. Kitambaa cha ndani kilikuwa bendera ya babu. Mwaka 2012, mahakama ilipoondoa marufuku juu ya MRC, kundi lililodai pwani ijitenge na Kenya, na kabla na baada ya hapo vijana wakawa wanakamatwa, na kila ukuta umeandikwa Pwani si Kenya, nilikitoa sandukuni usiku nikakikata kwa mkasi, nikakishona mto kabla ya alfajiri. Babako alikuwa baharini. Sikumwambia mtu. Kwa hiyo usidhani nakusemesha kama mtu asiyejua uzito wa kitambaa hicho. Nilikiogopa na nilikionea huruma kwa wakati mmoja.

Sasa nirudi kwenye picha, maana huko unakokwenda ndiko hasa kunakonikosesha usingizi. Unguja siyo Mombasa. Kwetu bendera ilishushwa kwa karatasi: Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Unguja, waliandikiana Oktoba 1963, Sultani akaiachia Kenya pwani, makadhi wakahakikishiwa nafasi yao, Desemba ikashuka. Kule walipata uhuru tarehe 10 Desemba, nyekundu ile ikatiwa duara la kijani na karafuu mbili katikati, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi. Mwezi mmoja na siku mbili. Walikufa watu kwa maelfu. Waliouana walikuwa wamekopeshana chumvi. Sultani Jamshid alipokimbia na meli yake alikuja kwetu, na serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka, akaendelea Dar es Salaam kisha Uingereza. Babu yako hakuisamehe siku hiyo. Jamshid amekufa Oman Desemba 2024, mzee kabisa, na hata maiti yake haikurudi Unguja.

Wewe utapanga Ng'ambo kwa bibi wa watu. Hujui babake usiku ule alikuwa upande gani. Huenda alikuwa na panga, huenda alikuwa chini ya kitanda. Ukimpigia simu na ile nyekundu ikatokea kwenye kioo chake, umemuuliza swali ambalo pengine hajaulizwa miaka sitini, na umemuuliza wewe, mgeni, Mkenya, uliyekuja kufanya kazi ya hoteli. Huko mtu akitaka kummaliza mwenzake kisiasa humwambia anataka kumrudisha Sultani. Tangu 2005 wana bendera yao wenyewe, buluu, nyeusi na kijani, ya Muungano ikiwa pembeni, na hata hiyo ilitaka maneno mengi. Hawahitaji kijana wa Kibokoni awaletee ya tatu. Iondoe, mwanangu. Si kwa sababu ni haramu kuipenda. Ni kwa sababu huko haisemi unachotaka iseme, na hutakuwepo kwenye kila simu kuieleza.

Soma zaidi, sikukatazi. Kawaulize wazee wa huko, lakini usianze wewe. Msikilize anayesema Sultani aliwajengea shule na anayesema babu yake aliuzwa Mkunazini, na usiwapatanishe. Mimi nimeishi na wote wawili meza moja na sikuweza.

Mambo ya nyumbani: fundi wa paa amesema mabati mawili ya upande wa kibaraza hayafai tena, tungoje mvua za vuli zipite. Elfu nane za mjomba wako nimemlipa, kwa hiyo akikuuliza usimpe nyingine. Maji tunanunua ya mkokoteni wiki ya pili sasa, mitungi imepanda bei, dada yako amejifunza kuoga kwa ndoo moja. Dawa za presha ninazo za mwezi mzima, usiniulize kila siku. Mahamri kumi na mawili yako kwenye ile kopo ya buluu. Mbaazi sikukutilia, zingechacha njiani. Fulana ya kabatini nitaitunza, sitaichoma. Mto pia upo kitandani mwako, sitauruhusu mtu aulalie.

Kadi ya homa ya manjano iko mfuko wa nje wa begi pamoja na shilingi za Tanzania nilizokubadilishia, zihesabu kabla hujashuka Horohoro. Kwenye boti usikae juu, upepo wa jioni utakupandisha pumu. Ukipata laini ya huko nitumie namba mimi kwanza, kabla ya rafiki zako, na picha yake iwe ya uso wako.

Mamako,
Kibokoni