Mota ya kisima ikiungua, nani alipe?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie miradi ya maji vijijini, hasa yale yanayofuata baada ya utepe kukatwa na wageni kuondoka.

Kijijini kwetu, mkoani Dodoma, jiwe la msingi la mradi bado linasomeka vizuri. Pembeni yake kipo kituo cha kuchotea maji, na koki zake ni kavu tangu mota ya pampu ilipoungua. Kina mama wamerudi korongoni kufukua mchanga. Wenye pikipiki wanauza dumu kwa bei ambayo mkulima haimudu kiangazi hiki. Kamati yetu ilipoomba msaada wilayani, ilijibiwa kwamba mradi ni mali ya wananchi, basi wananchi wachangishane.

Jibu hilo halikubaliki. Shilingi 50 tunazolipa kwa ndoo ya lita 20 zinamlipa mchotishaji na mlinzi, zinanunua umeme, na zikibaki zinabadilisha koki iliyokatika. Mota iliyo chini ya kisima kirefu ni jambo jingine kabisa. Kuitoa kunahitaji winchi na fundi kutoka mjini, mabomba yavutwe moja baada ya jingine, kisha inunuliwe mpya kwa mamilioni. Kamati ya kijiji itayatoa wapi, na kisima kikiwa kimesimama hakuna hata ndoo moja inayouzwa?

Mwaka 1971 serikali iliweka mpango wa miaka 20: kila mwananchi wa kijijini apate maji yasiyozidi meta 400 kutoka nyumbani, tena bila malipo. Lengo halikufikiwa, na Sera ya Maji ya 1991 ikaleta uchangiaji. Sera ya 2002 ikaenda mbali zaidi, gharama zote za uendeshaji na matengenezo vijijini zikawekwa juu ya watumiaji. Sipingi kuchangia. Maji ya bure yalituachia pampu nyingi zisizo na dizeli, na wazee wanalikumbuka hilo. Ninachopinga ni serikali kujitoa katika matengenezo makubwa huku kisima, tangi na mabomba vikiwa vimejengwa kwa kodi zetu na kwa mikopo ambayo taifa zima linailipa.

Katika mikutano ya hadhara tunasomewa Ibara ya 27 ya Katiba, inayomtaka kila mtu alinde mali ya umma. Ni ibara nzuri, nami naiheshimu. Lakini imesema kila mtu, na mtumishi mwenye ofisi, gari na kasma ya bajeti yumo. Mlinzi wetu analala kando ya tangi kila usiku kwa posho ndogo. Yeye ametimiza wajibu wake.

RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ilipoanza kazi Julai 2019, chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka huo, wengi vijijini tulifurahi kwamba sasa maji yana mwenyewe. Naiomba Wizara ya Maji ikamilishe kazi hiyo. Iandikwe wazi, na kubandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji, matengenezo yapi ni ya chombo cha watumia maji na yapi ni ya serikali. Kila wilaya iwe na mota na pampu za akiba stoo, pamoja na winchi inayofanya kazi. Na mradi usizinduliwe kabla fedha za kuutunza hazijajulikana zitatoka wapi.

Kwa wabunge wetu: bajeti ya maji inapowasilishwa bungeni, msiishie kuuliza visima vingapi vipya vitachimbwa. Ulizeni vilivyochimbwa vingapi vinatoa maji leo, kijiji kwa kijiji, na mtaje vilivyosimama kwa majina yake.

Mkulima,
Dodoma.