Shukrani kwa kaka uliyenizuia kupiga kiki pikipiki iliyozama

Kaka uliyevaa buti za mpira, jina lako sikuuliza, na hilo linanikera mpaka leo. Pikipiki yangu ililala usiku kucha ndani ya mafuriko, maji hadi kwenye tangi. Asubuhi mguu wangu ulikuwa tayari juu ya kiki uliposema, "Shusha mguu, ndugu yangu. Utaiua."

Ukachomoa waya wa betri kwanza. Kisha ukafungua plagi, ile inayotoa cheche kwenye injini, ukaniambia sasa piga kiki, taratibu. Maji machafu yakaruka kutoka kwenye tundu la plagi yakakulowesha kifua kizima. Ukacheka tu! Ukanieleza kuwa maji hayashindiliki kama hewa: injini ikizungushwa kwa nguvu silinda ikiwa na maji, konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, inaweza kupinda. Mimi nilichojua ni "ikiloa, iwashe ikauke". Sijui nani alinidanganya.

Oili ulipoimwaga ilikuwa nyeupe-nyeupe kama maziwa, imechanganyika na maji. Ukasisitiza niweke mpya, ikishawaka niunguruishe kidogo, nimwage tena mpaka itoke safi. Nilimwaga mara 3. Petroli ya kwenye tangi na kabureta nayo ikamwagwa, filta ya hewa ikabadilishwa, breki zikasafishwa, beringi zikapakwa grisi.

Iliwaka siku ya tatu. Ikafuka moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia.

Spana yako ya plagi, ile yenye utepe mwekundu kwenye mpini, uliisahau juu ya kiti. Ninayo bado. Asante sana, kaka. Njoo uichukue.