Ndege tunamlilia, majani ya mawe je?

Mhariri, salaam toka Igogo. Juzi kijana wangu kanisikilizisha kwenye simu yule ndege wa Hawaii aliyetoweka, Kauaʻi ʻōʻō, dume linaimba linasubiri jike lijibu na jike halipo, mara ya mwisho kasikika 1987, aisee machozi yalinitoka. Ila sasa hizi mosi, haya majani mafupi ya kijani kama zulia kwenye mawe, zipo aina duniani zimeshaandikwa kuwa karibu na hatari ya kutoweka na hakuna anayelia, mi naona kelele tungempigia aliyebaki, yaani mosi (haimbi, ndo kosa lake). Jirani kapasua jiwe lake apate kokoto, zulia lote likaenda na toroli. Nikaokota kipande kikavuuu, nikakiloweka kwenye kikombe cha maji, chai yangu haijapoa kikawa kijani tena.

Msomaji wako, Mwanza