Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kibandiko cha surua kijaribiwe na kwetu

Mheshimiwa Waziri,

Kichupa cha chanjo ya surua-rubella kina dozi kumi. Kikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa sita kinatupwa. Ndiyo sababu mama aliyetoka kitongoji cha mbali na mtoto wa miezi tisa mgongoni huambiwa, "Watoto hawajatimia, rudi Alhamisi." Wengine hawarudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja, lakini anayeulizwa dozi tisa zimekwenda wapi ni muuguzi. Hilo lingekwisha kwa waraka mmoja kutoka ofisini kwako.

Ninaloandikia hasa ni kibandiko. Gambia wamekwisha kukijaribu: kitu kidogo chenye vijimiba vya chanjo, kinabanwa kifundoni mwa mkono kwa dakika tano, chanjo inayeyukia ngozini. Hakuna bomba la sindano, hakuna kuchanganya, na kila mtoto ana chake. Matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalionyesha zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa miezi tisa hivi walipata kinga ya surua kwa dozi moja.

Lakini watoto wote wa jaribio lile, pamoja na waliochomwa sindano, walikuwa 240. Jaribio kubwa linahitajika, nasi tusikae pembeni. Bagamoyo na Korogwe zilishiriki kujaribu chanjo ya malaria ya RTS,S; wataalamu tunao.

Tusishangilie mapema, hata hivyo. Chanjo ya surua ya kuvuta kwa pumzi ilijaribiwa Pune, India, ikashindwa na sindano: waliovuta, asilimia 85 walipata kinga; waliochomwa, asilimia 95. Lililo zito zaidi ni la mwaka 1989, ilipopendekezwa chanjo ya surua ya kipimo kikubwa kwa watoto wa miezi sita. Kinga ilionekana kwenye damu. Ila Senegal na Guinea-Bissau watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto, wakakuta vifo vya wasichana walioipata vimezidi. Mwaka 1992 ikaondolewa. Vipimo vya damu peke yake visingeonyesha hayo kamwe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, wakija watengenezaji, masharti yetu yawe mezani: watoto wafuatiliwe kwa miaka, wa kike na wa kiume wakihesabiwa mbalimbali, wazazi waelezwe kwa lugha ya nyumbani kwao kabla ya kutia sahihi, na zahanati zisizo na umeme ziwemo, si hospitali za mijini tu.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa zahanati ya kijiji, Mkoa wa Tabora