Bado siku tatu kaka

Rambouillet, Alhamisi 17 Agosti 2023

Mambo vipi kaka, za Moshi? Mie nishafika Ufaransa, jana nimeshuka na treni na baiskeli yangu, Jumapili jioni tunaondoka. Si uliniuliza hii Paris-Brest-Paris ni kitu gani, basi ni safari ya baiskeli ya kilomita 1200, unaenda mpaka Brest kule baharini unageuza, yaani utoke Dar mpaka Arusha halafu urudi, na mie niko kundi la wanaopewa masaa 90 kumaliza, kwa hiyo Alhamisi ijayo mchana natakiwa niwe nimerudi hapa. Sio mashindano ujue, hakuna mshindi, una kadi yako unagongewa muhuri kila kituo, Fougères, Loudéac, Carhaix, muda ukikupita imekula kwako.

Sasa kazi ngumu siku hizi ni kukaa tu aisee. Miguu inawasha ila mazoezi yalishaisha, zile safari za kufuzu za kilomita 200, 300, 400 na 600 ndo yalikuwa mazoezi, ukijitutumua leo huongezi kitu unajichosha bure. Asubuhi nazunguka kidogo kusikilizia gia, narudi nakula ugali (unga nimetoka nao Brussels, sicheki na mtu) halafu nalala. Usingizi ndo naukusanya, maana mpango ni nifike Loudéac usiku wa Jumatatu nilale masaa matatu, baada ya hapo ni kusinzia popote.

Baiskeli siigusi tena. Cheni nilibadilisha mapema, kiti hata milimita moja sisogezi. Kuna jamaa hapa tulipofikia leo kanunua viatu vipya, vipya kabisa, nikamwangalia nikanyamaza. Kilichobaki ni tyubu, viraka, taa na kizibao cha kung'aa maana usiku ni lazima, na glavu, usione Agosti, kule Bretagne, mkoa wa huko Brest, usiku kuna baridi ya kweli. Chakula sina wasiwasi nacho, wanasema wanakijiji wanatoka barabarani na kahawa na zile chapati zao za maji wanawapa watu bure.

Usinipigie kuanzia Jumapili, simu nitazima kutunza chaji. Na mama akikuuliza mwambie nimeenda kutembea, habari ya masaa 90 usimgusie kabisa, nitamwambia mwenyewe nikisharudi.